Waya nne za Kelvin

Leo naiweka kompyuta pembeni kidogo tuzungumzie stima.

Kuna kinyozi mtaani kwetu anayetumia umeme wa jua. Nilimwandikia programu ya kuhesabu chaji iliyobaki kwenye betri. Jumamosi moja, duka likiwa limejaa wateja, programu ikazima kila kitu ikidai betri imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mkondo wa ampea 20 nilikuwa nausoma kama 26. Nikafanya mambo ya watu wa programu: nikazidisha kwa 0.77, nikaenda zangu. Siku chache baadaye fundi akakaza bolti za waya, na sasa programu ikawa inasoma chini ya ukweli. Betri ikafa kabisa huku skrini ikionyesha bado ipo chaji.

Dawa yake, kumbe, ilipatikana karne ya 19.

Mwaka 1843 Charles Wheatstone wa Uingereza aliutangaza mtambo wa kupima ukinzani ambao Samuel Hunter Christie alikuwa ameueleza mwaka 1833. Ndio unaoitwa daraja la Wheatstone. Kwa ukinzani mkubwa ni mzuri sana. Shida ni kwamba waya za kupimia na viungo vyake navyo vina ukinzani. Ukipima omu 1000, sehemu ndogo ya omu iliyozidi haikusumbui. Ukipima elfu moja ya omu, kiungo kimoja kibovu kinaweza kukishinda kitu chenyewe. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye mwaka 1892 alipewa cheo cha Lord Kelvin, alikuwa na sababu ya kujali. Mwaka 1857 alionyesha kwamba shaba iliyouzwa kwa ajili ya nyaya za simu za maandishi ilitofautiana sana katika kupitisha umeme. Mwaka uliofuata waya wa kwanza kuvuka Atlantiki ulifanya kazi wiki chache tu, ukafa. Kipande kifupi cha shaba kina ukinzani mdogo mno, na mwaka 1861 Thomson alichapisha njia ya kukipima.

Siri yake ni kutenganisha njia. Mkondo mkubwa unaingia na kutoka kwa ncha mbili za nje. Volti zinapimwa kwenye pointi nyingine mbili, ndani ya zile ncha. Katika waya hizi za kupimia mkondo ni kama haupo, na pasipo na mkondo, ukinzani wa kiungo haupotezi volti. Kiungo kibovu kinabaki nje ya hesabu.

Baadaye Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1870, alitengeneza manganini, mchanganyiko wa shaba, manganizi na nikeli ambao ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Ndio uliomo kwenye shanti za kupimia mkondo hadi leo: vibamba vya manganini kati ya vipande viwili vizito vya metali. Kila kipande kina bolti kubwa ya mkondo na skrubu ndogo ya volti. Mahali pa skrubu hiyo hapakuchaguliwa ovyo. Mkondo ukitoka kwenye bolti husambaa ndani ya metali, kwa hiyo ukihamisha pointi ya kupimia, umebadilisha ukinzani unaoupima.

Shanti yangu ni ya ampea 100 kwa milivolti 75, yaani mili-omu 0.75. Mimi nilikuwa nimefunga waya za kupimia chini ya bolti kubwa, pamoja na waya za mzigo. Viungo vikaongeza karibu mili-omu 0.225, na hapo ndipo 20 ilipogeuka 26. Skrubu ndogo zilikuwa zimekaa pale bure.

Nikahamisha waya mbili, nikafuta ile 0.77. Skrini ikasoma 20, na hata fundi akikaza bolti inabaki 20. Kinyozi ameninyoa bure, ingawa nadhani mimi ndiye niliyekuwa na deni.