Dalili Isiyohisiwa: Msamiati wa Saratani Kanda ya Ziwa

Katika kliniki za Mwanza, mwanamke hualikwa kupima "dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi". Akishapanda kitandani, muuguzi hupaka kwa pamba asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, kisha husubiri dakika moja. Sehemu yenye kasoro hupauka ikawa nyeupe. Mwenyewe hana maumivu wala hatokwi na damu. Alikuja kwa miguu yake na anajiona mzima. Hiyo ni dalili ya namna gani, ambayo mwenye mwili haijui?

Kwa Mswahili, dalili hujionyesha. Wingu ni dalili ya mvua, homa ni dalili ya malaria. Mwanamke asiye na dalili haoni sababu ya kuacha dagaa wake mwaloni Kirumba akapange foleni hospitalini. Makala haya yanadai kwamba istilahi hiyo, ingawa ilitungwa kwa nia njema, inawabakiza nyumbani wale wale inaowaita. Na hasara yake ni kubwa, kwa sababu tangu kirusi cha HPV kianze kuharibu seli hadi saratani ijitokeze hupita miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Katika miaka hiyo yote sehemu iliyoharibika inaweza kuondolewa kwa kuigandisha au kuichoma kwa joto, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi wa safari hiyo ya seli kuelekea saratani uko kwenye kibofu. Kandokando ya ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo, lakini ukienda bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi na Kwimba, utakikuta kichocho cha mkojo. Mayai ya mnyoo hukwama ukutani mwa kibofu na kuukera mwaka hadi mwaka. Kwanza seli huongezeka tu, umbo lake likibaki lile lile. Kisha utando hubadili aina: seli za kawaida za kibofu huzipisha seli bapa zinazofanana na za ngozi. Hapo bado si saratani. Baadaye seli hupoteza mpangilio, viini vyake hukua kupita kiasi, nazo hugawanyika hovyo. Huku ndiko ninakokuita kukengeuka. Saratani yenyewe huanza pale seli zilizokengeuka zinapopenya utando wa chini na kuvamia nyama ya jirani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha kwamba mnyoo huyu, Schistosoma haematobium, husababisha saratani kwa binadamu.

Kuongezeka, kubadili aina, kukengeuka, kuvamia. Ni vitenzi ambavyo mkulima wa Kwimba anavielewa bila mkalimani, kwa hiyo siikubali hoja kwamba lugha yetu haina maneno ya kumweleza mgonjwa hatua hizi.

Neno "uvimbe" nalo linabebeshwa mzigo mzito mno. Mwanamke mwenye uvimbe wa misuli ya kizazi, usiosambaa, huambiwa ana uvimbe. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt huambiwa vivyo hivyo. Huyu wa pili ana ugonjwa ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuelezea mwaka 1958, na ambao huenda sambamba na malaria na kirusi cha Epstein-Barr. Taya huvimba, meno hulegea, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwanamke yule wa kwanza anaweza kusubiri miezi. Mtoto asisubiri hata wiki, hasa kwa kuwa ugonjwa huo huitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Kila anayetamka "uvimbe" mbele ya mgonjwa aongeze papo hapo kama unavamia au hauvamii.

Tangu mwaka 2018 Tanzania inawachanja wasichana dhidi ya HPV, na jaribio lililofanyika hapa Mwanza kwa wasichana 930 lilisaidia kuonyesha kwamba dozi moja hujenga kinga ya kudumu. Msichana anayechanjwa hana dalili, na wazazi hawakuingoja dalili ndipo wamlete. Mama yake astahili mwaliko wa aina hiyo hiyo. Wanaoandaa matangazo ya upimaji waandike: "Njoo tuangalie kama seli zimeanza kukengeuka. Njoo hata kama huna dalili yoyote."