Anko Alitoka kwa Gridi

Ukitoka Nyeri mjini kuelekea Nyahururu, Mweiga ndio ule mji unaokukumbusha kwamba ulisahau sweta. Upande mmoja ni milima ya Aberdare, ambayo wazee wanaiita Nyandarua. Upande wa pili, asubuhi ukibahatika, ni Mlima Kenya. Katikati ni sisi, bodaboda, viazi na maduka ya simu. Nyuma ya mojawapo ya maduka hayo palikuwa na chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa studio, na hapo ndipo nilimpeleka anko wangu kurekodi, mwaka wa 2014.

Anko alikuwa amepiga gita la mugithi kwa ruracio, harusi na baa za huku kwa zaidi ya miaka 15. Hakuwa na wimbo hata mmoja uliorekodiwa. Prodyuza alikuwa chali wa rika langu, mpole, mwenye kompyuta moja na spika mbili. Akamvalisha anko vifaa vya masikio, akawasha mlio wa tik-tik-tik, akasema, "Anza, mzee."

Anko akaanza. Kwa dakika moja hivi mambo yalikuwa fiti. Halafu akafika pale gita linapochemka na akaongeza kasi kidogo, kama anavyofanya siku zote. Prodyuza akasimamisha.

"Anko, umetoka kwa gridi."

Anko akavua vifaa vya masikio. "Gridi ni nani?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Walirudia mara 7. Mwishowe prodyuza akachukua vipande, akavinyoosha kwa kompyuta, akaweka ngoma na besi zake mwenyewe, akatupa wimbo kwa flashi. Anko aliusikiliza mara moja kwenye gari la rafiki yake, akasema, "Huyo anapiga vizuri. Ni nani?"

Kwa miaka mingi nilisimulia hii stori kama mzaha kuhusu mzee asiyejua teknolojia. Nimeacha, na sababu inahitaji turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1997, kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ndogo iliyoitwa FruityLoops, kazi ya mwandishi wa programu Didier Dambrin. Mwanzoni ilikuwa mashine ya ngoma ndani ya kompyuta: mistari, na katika kila mstari visanduku 16. Bonyeza kisanduku, ngoma inalia hapo. Kiache, kunyamaze. Haikudai ujue kusoma noti wala ujue kupiga chombo chochote. Mwaka wa 2003 jina likabadilishwa kuwa FL Studio, baada ya mvutano na Kellogg's, kampuni yenye nafaka za watoto ambazo jina lake linakaribiana. Lakini visanduku vilibaki.

Usiichukulie poa. Hiki kitu kiliwafungulia mlango watu ambao studio zisingewaruhusu hata kukaa kwa benchi. Mwaka wa 2007 kijana wa Marekani, Soulja Boy, alipanda hadi kileleni mwa chati za kwao kwa wimbo alioutengeneza kwa programu hiyo. Huku kwetu ilisambaa kama tunavyojua vitu vinavyosambaa: kwa saiba, kwa sidii za kuchoma, kwa flashi ya rafiki wa rafiki. Wasiokuwa na pesa walitumia ile ya majaribio, ambayo inakubali uhifadhi kazi lakini haikubali uifungue tena hadi ununue. Kwa hiyo kuna biti nyingi Afrika zilizotengenezwa usiku mmoja bila kuzima kompyuta, mtu akiomba Mungu stima isipotee.

Basi ilikuwaje anko hakunaswa? Jibu rahisi ni kwamba wazee wa huku wanaogopa vitu vigeni. Historia ya muziki wa Wakikuyu inalikataa jibu hilo kabisa.

Chukua mwomboko. Leo ukiuona kwa sherehe ya kitaifa, wazee na makoti yao, hatua mbili na kuinama, unadhani ni ngoma ya kale kama mlima. Wapi. Mwomboko ulikua katika miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, na sauti yake ni ya akodioni, chombo cha Ulaya, ikisindikizwa na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa chuma. Watu waliziona dansi za wazungu, wakachukua walichokipenda, wakakipinda mpaka kikawa chao. Au chukua gita. Benga ilizaliwa kwa Wajaluo, magita yakijibizana, na kufikia miaka ya 1970 wanamuziki kama Daniel Kamau, DK, walikuwa wameifanya izungumze Kikuyu. Sahani zilikuwa zikiuzwa River Road, Nairobi, ambako Joseph Kamaru wa Kangema alikuwa na duka lake la muziki.

Hata mugithi wenyewe ni mtoto wa mashine. Neno ni garimoshi kwa Kikuyu: watu wanapangana mstari, kila mmoja amemshika aliye mbele, wanazunguka ukumbi kama mabehewa. Mtindo wa mtu mmoja na gita uliposhika moto mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu kama Mike Rua wakawa majina makubwa, bendi nzima ilipungua ikawa mtu mmoja, gita moja, na mara nyingi kinanda au mashine ya ngoma pembeni ikipiga mdundo. Anko alikuwa na kinanda kama hicho. Alikiita "fundi," kwa sababu kinafanya kazi na hakiombi chai.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Shida ilikuwa kwingine, na mimi nilichelewa kuiona.

Nenda kwa ruracio yoyote ya huku ambapo kuna mtu wa gita. Wimbo hauna urefu. Una mwanzo, basi. Mpigaji anaangalia watu. Mama mmoja akisimama na noti ya 200, jina lake linaingia ndani ya wimbo, na la mumewe, na la kijiji chao. Shangazi wa bibi harusi akianzisha mstari wa mugithi, wimbo unaongezwa mpaka mstari uzunguke wote. Watu wakichoka, kasi inashuka. Wakipata nguvu, inapanda. Fundi pembeni anapiga mdundo wake, ndiyo, lakini kidole cha anko kiko pale kwenye kitufe cha kasi, na kidole hicho kinafuata miguu ya watu. Mashine inamfuata mpigaji, mpigaji anafuata ukumbi.

Hili si jambo la mugithi peke yake. Mwaka wa 1929, wakati wa ugomvi na wamishonari kuhusu tohara ya wanawake, wimbo wa Muthirigu ulienea Gikuyu yote, ukibeba beti mpya kila ulikofika kwa sababu kila mahali palikuwa na mtu mpya wa kusemwa. Serikali ya mkoloni iliupiga marufuku mwaka uliofuata. Ni wimbo ambao usingejua utaisha vipi kabla ya kufika kwenye mkutano.

Sasa weka hayo kando ya visanduku 16. Wazo la kunyoosha mapigo yaliyokosewa lina historia yake: Roger Linn wa Marekani aliliweka katika mashine yake ya ngoma, LM-1, mwaka wa 1980. Mwaka wa 1983 ukaja mfumo wa MIDI, ambao uliwezesha vinanda na kompyuta za kampuni tofauti kuelewana. Kutoka hapo, programu nyingi za muziki zilijengwa juu ya imani moja: kasi inaamuliwa kwanza, halafu muziki unamiminwa ndani yake. Ukifungua kazi mpya, mizani iko tayari, nne kwa nne, mistari imechorwa. Unaweza kubadilisha, hakuna anayekukataza. Unaweza hata kuchora kasi ipande na kushuka. Lakini kwa kawaida unaichora kabla, ukiwa umekaa kwa kiti, bila mtu hata mmoja anayecheza mbele yako. Anko angewezaje kujua mahali pa kuongeza kasi kama shangazi hakuwepo?

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika malalamiko ya kawaida dhidi ya kompyuta, na ningekuwa mwongo. Kwa sababu kwingineko Afrika Mashariki watu waliibeba hiyo kompyuta mpaka uwanjani. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, ngoma ya larakaraka ya harusi za Waacholi ilihitaji kikundi kizima cha watu. Otim Alpha na Leo Palayeng wakaigeuza kuwa muziki wa kompyuta, kasi ileile, na harusi zikaendelea. Rekodi zao zilikusanywa kwenye albamu ya Gulu City Anthems. Dar es Salaam, vijana wa singeli wanakata vipande vya taarabu, wanavisukuma kupita mapigo 200 kwa dakika, na MC anasimama juu yake akiongea na mtaa wake kwa majina. Sikiliza Sounds of Sisso, mkusanyiko wa 2017 kutoka Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uniambie kama hao ni watu waliofungwa na gridi.

Tofauti ni nini? Nadhani ni hii: Gulu na Dar, waliokaa kwa kompyuta walikuwa wenyewe ndani ya ile ngoma. Walijua mstari gani uvunjwe. Sisi Mweiga tulimleta anko kama mgeni kwenye chombo cha mtu mwingine, tukamwambia ajirekebishe. Prodyuza wetu hakuwa mbaya. Alikuwa amejifunza kwa video za watu wa Atlanta na Lagos, na hakuna video iliyomwonyesha jinsi ya kurekodi mtu anayesubiri shangazi asimame.

Halafu kuna habari ya pesa, ambayo haijadiliwi sana. Zamani kurekodi benga kulihitaji gita la mbele, gita la nyuma, besi, ngoma, waimbaji. Watu watano au sita walilipwa, hata kama ni kidogo. Ule wimbo wa anko uliokuja kwa flashi ulikuwa na besi nzuri sana, na hakuna mtu aliyeipiga. Rafiki ya anko aliyekuwa akipiga besi zamani sasa anauza mbegu za viazi. Siwezi kuiwekea programu lawama yote, kwa sababu anko mwenyewe na fundi wake walianza kumwacha nyumbani mapema zaidi. Lakini ni ukweli kwamba kila hatua ya hii historia imeacha mtu mmoja nje ya mlango.

Ninajua pia mfano mwingine unaonipa moyo. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake ana jina hilohilo, ila dunia inamjua kama KMRU: msanii wa sauti anayeishi Berlin, ambaye albamu yake ya Peel ilitoka mwaka wa 2020. Muziki wake ni wa kompyuta, na sauti anazirekodi mazingirani. Hauna ngoma ya kucheza kabisa. Na mtu huyohuyo ndiye amekuwa akizirudisha nyimbo za babu yake kwa wasikilizaji kupitia intaneti, moja moja, jinsi zilivyopigwa. Hakuzinyoosha. Kompyuta moja inaweza kufanya kazi zote mbili, ikiwa anayeibonyeza anajua ni ipi anayoifanya.

Anko alipata kiharusi mwaka wa 2019. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Gita liko juu ya kabati, na anapenda lifutwe vumbi, lakini haligusi.

Kwa hiyo sasa ana rekodi mbili duniani. Moja ni ule wimbo wa 2014, dakika 3 na sekunde 40, umenyooka kama barabara mpya, na ni mtu mwingine anapiga. Ya pili niliipata kwenye simu ya binamu yangu. Ni ruracio ya 2016 kule Kieni. Sauti inakwaruza, kuna mtoto analia, mtu anauliza nyama iko wapi. Anko anaanza polepole. Dakika ya 4 anataja jina la mama yangu. Dakika ya 6 unasikia viti vinasukumwa, watu wanapanga mstari, na gita linaanza kukimbia. Rekodi inakatika dakika ya 11, simu ilijaa.

Mwezi uliopita niliiweka hiyo rekodi kwenye programu, nikiwa na wazo la kuisafisha na kuwekea mdundo chini yake. Kompyuta ikakisia kasi na kuchora mistari. Pigo la kwanza lilikaa sawa, la pili sawa, na kufikia dakika ya 6 hakuna pigo hata moja lililokuwa karibu na mstari. Nikaifunga bila kuhifadhi.

Nimenakili faili lile mahali patatu, na Jumapili nampelekea anko moja. Nitakaa naye tusikilize. Nataka aniambie ni nani aliyesimama pale dakika ya 6.