Watoto wa Majahazi: Kupokewa Kwao na Kuachiliwa Kwao

Mkataba uliotiwa sahihi Unguja tarehe 5 Juni 1873, baina ya Sayyid Barghash bin Said na Serikali ya Uingereza, ulilifunga soko la watumwa, ukaharimisha kuwasafirisha kwa bahari, na ukaahidi kwamba watakaoachwa huru watahifadhiwa wasidhuriwe. Walakini mtoto wa miaka sita au saba aliyeteremshwa kutoka katika jahazi lililokamatwa, asiyeijua lugha ya bandari ile, wala asiyeweza kuutaja mji wake ila kwa jina la mto au la jumbe ambalo hapana aliyepata kulisikia, hakuweza kuambiwa tu kuwa yu huru akaenda zake. Ilimpasa apate mlezi, na mlezi naye ilimpasa siku moja amwachilie. Katika tarehe ya pwani yetu habari za kukamatwa majahazi zimeandikwa sana, bali namna watoto wale walivyogawanywa, walivyohamishwa na walivyotolewa katika malezi imeachwa pembeni, nami naona kuwa humo ndimo ulimokuwa mtihani wa uhuru wenyewe.

Desturi ya kuwagawa ilikuwa kongwe kuliko mkataba. Manowari za Kiingereza zilizozunguka Ghuba ya Uajemi na pwani ya Arabuni ziliwapeleka watoto Bombay, na wengi wakatiwa katika nyumba ya misheni ya CMS (Church Missionary Society) huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, wakafundishwa kusoma, useremala na uhunzi. Huku Unguja, mwaka 1864, Sayyid Majid alimpa Askofu Tozer, aliyekuwa amewasili punde tu, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na kwa watano hao ikaanza shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Baada ya mkataba, manowari London ilitia nanga Unguja miaka kadhaa tangu 1874, mashua zake zikiyapekua majahazi, na Balozi John Kirk ndiye aliyekuwa akiwagawa: hawa kwa mapadre wa Kifaransa wa Bagamoyo, hawa kwa Waingereza wa Kiungani na Mbweni, hawa kwa CMS Mombasa, na wengine waliokamatwa katika bahari hii walivushwa hata Shelisheli na Natal. Nafasi katika nyumba, chakula kilichomo ghalani na upande ambao manowari imeelekea, hayo ndiyo yaliyoamua kama mtoto atakua akisali kwa Kilatini au kwa Kiingereza.

Si kwamba kumpeleka mtoto kwa mlezi ni jambo geni kwa Waswahili. Mtoto hupelekwa kwa bibi yake, kwa shangazi, au kwa mwalimu wa chuoni, na pengine hukaa huko miaka mingi. Lakini mama yake aijua njia ya kwenda kumtazama, na siku ya kumrudisha haihitaji idhini ya balozi. Watoto wa majahazi walilelewa na upande mmoja tu, na upande wa pili haukujua kama wamo hai.

Kisha kila kuhamishwa kulimvua mtoto kitu. Alibatizwa, akapata jina jipya. Kiyao, Kinyasa au Kimakua alichokuja nacho kikasukumwa na Kiswahili, na kwa waliopelekwa Bombay hata Kiswahili kikawa lugha ya mbali. Jacob Wainwright, aliyelelewa Nasik, ndiye aliyesoma sala ya maziko ya Livingstone huko Chitambo mwaka 1873, na mwaka uliofuata akaifuata maiti hiyo hadi Westminster. CMS walipoanzisha Frere Town huko Kisauni mwaka 1875, waliwaleta watu wa Nasik wawe mafundi na waalimu wa hao walioachwa huru karibuni. Wakarudi Afrika watu wazima wenye mavazi na maneno ya Bombay, hata wenyeji wa Mombasa wakawatazama kama wageni waliotoka ng'ambo, na kwa kweli walitoka huko.

Basi hatima ya malezi ilikuwa nini? Aghalabu ilikuwa ndoa. Bagamoyo, ambako misheni ilifunguliwa mwaka 1868, kijana aliyefikia umri wa kuoa aliozwa msichana aliyelelewa humo humo, wakapewa nyumba na kiwanja katika kijiji kilichokuwa ndani ya ardhi ya misheni, wakaendelea kulima shamba lile lile chini ya padre yule yule. Na tangu mwaka 1877, jamaa za namna hiyo zilichukuliwa kwenda kuanzisha kituo cha Mhonda, katika nchi ya Wanguru. Mapadre walikuwa na hoja yao, maana kijana aliyetolewa nje peke yake, bila ya ukoo wa kumdai, angeweza kutekwa na kuuzwa tena kabla ya mwezi kuandama. Hata hivyo sioni jina jingine la kutoka huko ila kuhama chumba.

Mbweni mambo yalikuwa magumu zaidi kwa wasichana. Bibi Caroline Thackeray aliishika shule ya wasichana ya huko tangu 1877 kwa muda wa miaka ishirini na mitano hivi, na wenye akili ya kitabu walitayarishwa wawe waalimu na wake wa waalimu, na wengine wakatiwa katika kushona, kupika na kufua. Mvulana wa Kiungani aliweza kutoka kwa kazi au kwa daraja ya kanisa, bali msichana, alikoenda mumewe ndiko alikotumwa.

Aliyejaribu kuwarudisha watu kwao ni Askofu Steere. Mwezi wa Oktoba 1876 aliondoka Unguja na watu wapatao hamsini walioachwa huru, waume kwa wake, akikusudia kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi baadhi yao wakaona kuwa nchi hiyo haiko mbali na kwao, wakakataa kuendelea, na askofu, kwa busara, akakubali. Mwaka 1882 Wangoni waliokuwa wakiitwa Magwangwara wakakivamia kijiji, wakakichoma, na wengine katika watu hao wakachukuliwa utumwani mara ya pili.

Kisa kimoja chatofautiana na hivi vyote. Mwaka 1888 manowari Osprey iliyakamata majahazi yenye watoto wa Kioromo karibu na mlango wa Bahari ya Sham, wakapelekwa kwa wamisheni wa Kiskoti huko Sheikh Othman, karibu na Aden, na hao wakawaita wajuzi wa Kioromo, wakaandika maelezo ya kila mtoto: ametoka wapi, nani alimteka, ameuzwa mara ngapi. Mwaka 1890 watoto 64 wakahamishiwa Lovedale, Afrika Kusini, wakasoma huko. Na mwaka 1903, walipokuwa watu wazima, wakaulizwa kama wataka kurejea kwao. Wengine wakaitikia, na mwaka 1909 kundi likarudi Uhabeshi; wengine wakabaki walikooa na kuolewa. Miongoni mwa waliobaki alikuwa Bisho Jarsa, aliyekuwa mwalimu, ambaye mjukuu wake, Neville Alexander, alifungwa Robben Island tangu 1964 hata 1974, naye alikuwa kijana mkubwa alipoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa bibi yake alizaliwa Uhabeshi.