Mji Unaosimuliwa kwa Siku Moja: Majina ya Mahali na Historia ya Unguja Vinywani mwa Waongoza Watalii



Mada yangu jioni hii huenda ikaonekana ndogo mbele ya hadhira ya wanaisimu. Nakusudia kuzungumzia ziara ya siku moja: ile ambayo mgeni huongozwa asubuhi katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, mchana akapelekwa mashamba ya Kizimbani au Kindichi kunusa karafuu na mdalasini, na jioni akarejeshwa hotelini akiamini kwamba amekwisha kuijua Zanzibar. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na leo watu wengi wa nje huipata historia ya Waswahili kwa njia ya ziara kama hizi kuliko kwa njia ya vitabu vyetu. Kwa hiyo mwongoza watalii ni msimulizi wa historia, na simulizi yake, kama simulizi nyingine yoyote, inastahili kuhakikiwa. Chombo nitakachokitumia katika uhakiki huo ni majina ya mahali.

Tuanze na kisiwa cha Changuu, kinachoonekana kutoka Forodhani. Wageni hukijua kama Kisiwa cha Gereza. Ni kweli kwamba Jenerali Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua mwaka 1893 na gereza likajengwa. Lakini gereza hilo halikupata kutumika kwa wafungwa. Majengo yake yaligeuzwa kuwa karantini ya abiria waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Jina la kigeni, basi, limehifadhi nia ya serikali ambayo haikutimia. Jina la Kiswahili ni la samaki anayejulikana na kila mvuvi wa pwani hii. Mgeni anayepewa jina la kwanza peke yake huondoka na historia ya utawala, asiijue ile ya wenyeji.

Mfano wa pili ni mtaa wa Hurumzi. Husimuliwa kwamba jina hili limetokana na maneno “uhuru wa mzee”, kwa kuwa baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, ni katika jumba moja la mtaa huo ambapo fidia ililipwa na watumwa wakapewa uhuru. Masimulizi haya yanapendeza, lakini mwanaisimu hana budi kusita. Ili “uhuru wa mzee” izae Hurumzi, yapasa irabu ya mwanzo idondoke, kihusishi kipotee, na irabu mbili za mwisho zigeuke kuwa i moja. Njia hiyo ni ndefu mno. Tukilichukua jina Hurmuz, la kisiwa mashuhuri cha Ghuba ya Uajemi, njia ni fupi: Kiswahili huongeza irabu ili kuvunja mfuatano wa konsonanti na kufunga neno, tukapata Hurumuzi, kisha silabi mu hufupika kuwa m, kama ilivyofupika katika maneno yetu mengi. Nalitoa hili kama dhana, si hukumu. Hata hivyo, etimolojia ya wenyeji nayo ni ushahidi: inatuonesha watu waliotaka tukio la uhuru liwe na mahali pa kukumbukwa.

Lakini majina nayo hayasemi yote. Mkunazini hutaja mti tu, mkunazi, wala halidokezi kwamba hapo palikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Katika pengo hilo ndipo simulizi ya mwongozaji inapohitajika. Huwateremsha wageni katika vyumba vya chini vya jengo lililo karibu na kanisa kuu la Kianglikana, akawaambia kuwa watumwa walifungwa humo kabla ya kuuzwa. Jengo hilo ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa; kwa sababu hiyo wanahistoria wamelitilia shaka dai hilo. Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Anayekosoa chumba asidhaniwe kuwa anaukana utumwa. Soko lilikuwapo, na walioteswa walikuwapo. Ukweli mzito kiasi hicho hauhitaji kuegemezwa kwenye ushahidi dhaifu, kwa kuwa ushahidi huo ukianguka, wako watakaotaka uanguke pamoja na ukweli wenyewe.

Kuna pia historia inayoachwa kwa sababu ziara haifiki iliko. Ziara nyingi za mjini hukomea Darajani. Jina hilo lakumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari ambao sasa umefukiwa, na Ng’ambo ni upande wa pili wa maji hayo. Maji hayapo tena, lakini mpaka umebaki katika ramani ya mtalii. Huko Ng’ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Vivyo hivyo, anayekwenda Kizimkazi kutazama pomboo hupita karibu na msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, katika eneo la wasemaji wa Kimakunduchi, lahaja ambayo haikuteuliwa Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu.

Mwezi Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Mawe huanguka, na wazee wanaojua majina ya mitaa nao hupungua. Mitaani twawaita vijana wasio rasmi wanaowang’ang’ania wageni mapapasi, jina la mdudu mnyonya damu. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowaandikia, wao au waongozaji wenye vibali, hata kijitabu kimoja cha Kiswahili cha historia ya mitaa wanayoitembeza? Nawaomba wanafunzi waanze kukusanya majina hayo, mtaa kwa mtaa, pamoja na masimulizi yake yote, ya kweli na ya kudhaniwa, na kuyatenganisha kwa uaminifu. Kazi hiyo ikifanyika, mwongozaji atakuwa na jambo la kusimulia lililotoka katika lugha yake mwenyewe.