Mshindani Anapokuwa Hakimu

Katika mfumo wa kibepari matibabu ni bidhaa, mgonjwa ni mteja, na daktari ni mshindani wa daktari mwenziwe. Ukweli huu hudhihirika katika historia ya Astoria, mji mdogo wa jimbo la Oregon, Marekani.

Mji huo wa watu wapatao 10,000 ulikuwa na hospitali moja tu. Wengi wa madaktari wake walikuwa wabia au waajiriwa wa kliniki moja ya watu binafsi. Mwaka 1972 kliniki hiyo ilimwajiri daktari wa upasuaji, Timothy Patrick. Mwaka 1973 ikamtaka awe mbia. Akakataa, akaanza kujitegemea. Tangu hapo wakubwa wa kliniki wakamsusa. Hata walipokosa mpasuaji, waliwapeleka wagonjwa umbali wa kufikia maili 50 kuliko kumpa yeye kazi.

Mwaka 1981, kwa ombi la daktari wa kliniki, kamati ya hospitali ilianza kumchunguza ili imnyang'anye ruhusa ya kutibu humo. Mbia wa kliniki ndiye aliyeiongoza. Patrick alijiuzulu kabla ya uamuzi, akashitaki. Baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya dola 650,000, ambayo kisheria ilizidishwa mara tatu. Mwaka 1986 mahakama ya rufani ilikiri kwamba ushahidi wa nia mbaya ulikuwapo, lakini ikaifuta fidia. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya nchi ikatengua hukumu hiyo. Wakati huohuo, sheria ya mwaka 1986 ilikwisha kuwakinga wachunguzi waliotimiza masharti yake wasidaiwe fidia.

Hapa hatuna budi kuuona mgongano uliomo. Patrick aliokolewa na sheria ya mwaka 1890 ya kuzuia uhodhi wa biashara. Kilichopimwa ni haki ya kushindana sokoni. Mgonjwa aliyesafirishwa maili 50 hakuwa na nafasi katika mizani hiyo.

Je, tukatae madaktari kuchunguzana? La, hasha. Pasipo kukosoana uzembe hustawi, na mgonjwa ndiye anayeumia. Kosa ni kumpa uamuzi yule atakayenufaika na anguko la mtuhumiwa. Wala manufaa si fedha tu: cheo nacho huwindwa, hata katika hospitali ya umma. Kwa hiyo kada anapoletewa mashtaka, achunguze kosa kwa ushahidi. Kisha aulize nani atakikalia kiti kikibaki wazi.