Mgeni Aliyebadilisha Idadi

Kaseti za marehemu babu yangu nilizihamishia kwenye kompyuta kwa kutumia Sound Blaster Extigy ya Creative. Ilitoka mwaka 2001, wakati kadi nyingi za sauti zikifungwa bado ndani ya kompyuta. Hii ilikaa juu ya meza, na waya wake wa umeme, na mwingine wa USB.

Kwa sisi wa Linux, draiva ya sauti za USB iliandikwa mwaka 2002 na Takashi Iwai, ndani ya mradi wa ALSA ulioanzishwa na Jaroslav Kysela. Extigy ilikuwa na tabia yake: ukiichomeka, huwa haijaamka sawasawa. Kwa hiyo draiva ikaongezewa mistari michache ya kuitumia ujumbe wa kuiamsha, kisha kuisoma upya. Nauhesabu kuwa wema mkubwa, kuhangaika hivyo kwa ajili ya kisanduku kimoja.

Lakini tundu la usalama lilijificha hapo pa kusoma upya. Kifaa cha USB kikichomekwa hutaja kina mipangilio mingapi, na kerneli, yaani kiini cha Linux, hutenga kumbukumbu kwa idadi hiyo. Baada ya kuiamsha Extigy, draiva iliyaandika maelezo mapya juu ya yale ya kwanza bila kulinganisha. Ni kama mgeni aliyesema mlangoni, "Tuko wawili," ukaandaa sahani mbili. Akatoka, akarudi, akasema, "Tuko kumi," nawe ukaandika kumi bila kuongeza sahani. Akiondoka unakusanya kumi, na nane kati ya hizo ni za jirani. Ndani ya kerneli, anayejua sahani za jirani zimebeba nini anaweza kuishika simu nzima.

Nasema simu kwa sababu Android imejengwa juu ya Linux, na hubeba draiva hiyo ili ipokee hedifoni za USB. Siku ya Krismasi 2024, huko Serbia, simu ya Samsung ya mwanafunzi mwanaharakati wa miaka 23 ilifunguliwa baada ya yeye kukamatwa. Amnesty International ilipoichunguza ilikuta alama za vifaa vya USB vya kuigiza, kimoja kikijiita Extigy, ikavihusisha na mitambo ya Cellebrite ya kufungulia simu.

Linaloniuma ni kwamba dawa ilikuwa imeshaandikwa. Benoît Sevens wa Google aliirekebisha draiva mwezi mmoja kabla: maelezo mapya yawekwe kwanza pembeni, na idadi ikizidi ile ya mwanzo, yakataliwe. Android ilifikisha marekebisho hayo kwenye taarifa yake ya usalama Aprili 2025. Simu ya kijana ilikuwa imeshaingiliwa.

Mistari ya kuiamsha Extigy haikufutwa. Nikiichomeka yangu leo itaamshwa kama zamani, na safari hii itaulizwa mara ya pili mko wangapi.