Daftari la Msomaji: Kumbukumbu za Usomaji wa Mwaka na Historia ya Kiswahili Katika Nyanda za Kati

Mwezi Agosti 1975 watu wazima wa Tanzania walifanyiwa mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu, nchi nzima kwa wakati mmoja. Miaka minne kabla ya hapo TANU ilikuwa imeazimia kuwa kutojua kusoma kufutwe kabla ya mwaka 1975 kwisha, na mtihani huo ndio uliokuwa kipimo cha azimio. Kolo, kijiji cha Warangi kilichopo kaskazini ya mji wa Kondoa kwenye barabara iendayo Babati, kilihesabiwa pamoja na vijiji vingine vya Mkoa wa Dodoma. Waliofanya mtihani walipangwa katika hatua nne. Aliyefika hatua ya nne alitarajiwa awe na uwezo wa kuandika ujumbe, kusoma gazeti kama vile Uhuru au Mzalendo, kufuata vitabu vya maelekezo ya kilimo na chakula bora, na kuweka kumbukumbu za mapato na matumizi yake.

Kwa hiyo mhitimu wa hatua ya nne alikuwa, kwa tafsiri ya serikali yenyewe, mtu anayesoma na pia mtu anayeweka daftari. Jambo ambalo halikumpitikia mtungaji wa vipimo hivyo ni kuyaunganisha mambo hayo mawili: kwamba mtu huyo angeweza kuweka daftari la yale aliyoyasoma. Alifundishwa kuandika magunia aliyouza na fedha alizopokea. Kitabu alichokisoma baada ya mavuno, au gazeti alilowasomea jirani zake, halikuwa na safu yake.

Upungufu huo waonekana mdogo, lakini taaluma ya Kiswahili imeulipia kwa gharama kubwa. Historia ya fasihi ya Kiswahili imeandikwa kwa kuwafuata waandishi, wachapishaji na mihtasari ya shule. Msomaji ameingia katika historia hiyo kama asilimia tu. Inafahamika kuwa mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1975 wakawa asilimia 39. Na baada ya mtihani wa mwaka 1986 ikatangazwa kuwa wamebaki asilimia 9.6. Ni maendeleo ambayo nchi chache za Afrika ziliyafikia katika muda mfupi kiasi hicho. Hata hivyo, takwimu hizo zinaeleza ni wangapi waliokuwa na uwezo wa kusoma. Haziwezi kueleza hata mtu mmoja alisoma nini kuanzia Januari hadi Desemba.

Sehemu ya tatizo imo katika lugha yenyewe. Kitenzi kusoma kina kazi mbili katika Kiswahili: kupitia maandishi kwa macho na kuyaelewa, na kuhudhuria shule. Mzee wa Kolo akiulizwa alisoma nini, yaelekea atajibu kuwa alisoma mpaka darasa la nne, au kwamba hakusoma kabisa bali alipitia kisomo cha watu wazima. Jibu hilo ni sahihi, ila si jibu la swali lililokusudiwa. Msomi na msomaji ni maneno ya mzizi mmoja, lakini jamii imempa msomi heshima yote, na msomaji asiye msomi amekosa hata jina linalomfaa. Mtafiti anayetaka kujua habari za vitabu hana budi kuuliza kwa njia nyingine: ni kitabu gani kilikuwamo nyumbani, kilitoka wapi, nani alikisoma kwa sauti, nani alisikiliza.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kuwa desturi ya kufuatilia usomaji ililetwa na kampeni za miaka ya 1970. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19, na kwa njia hiyo Uislamu na Kiswahili vilienea katika vilima vya Irangi. Pamoja na Uislamu kilikuja chuo cha Qurani, na chuo kilikuwa na kipimo chake. Msahafu umegawanywa katika juzuu 30. Mwanafunzi hujulikana amefika juzuu ya ngapi, na hayo yanafahamika kwa mwalimu, kwa wazazi na kwa wenzake. Katika mwezi wa Ramadhani wako wanaosoma juzuu moja kila siku ili mwezi unapokwisha Kitabu kiwe kimekwisha. Hii ni kumbukumbu kamili ya usomaji, yenye mwanzo, kiasi na mwisho, ingawa haihitaji kalamu. Kiswahili kimeitunza katika msamiati wake: kuhitimu, neno linalotumika leo kwa wanaomaliza chuo kikuu, lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kufikia mwisho na kutia muhuri, na ndugu yake ni hitima, kisomo cha Qurani kwa ajili ya marehemu. Mwanachuo anayevaa joho siku ya mahafali anatumia neno lililobeba hesabu ya juzuu.

Usomaji wa vitabu vya kidunia haukupata kipimo cha namna hiyo. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta katika sehemu zilizokuwa mbali na maktaba. Baada ya uhuru kazi hiyo ilishikwa na Huduma za Maktaba, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa Desemba 1967. Kampeni ya kisomo nayo ilizaa maktaba za vijiji kwa maelfu, nyingi zikiwa ni kabati moja katika ofisi ya kijiji au shuleni. Kila mahali palikuwa na daftari la kuazimia au kadi ndani ya jalada. Mtafiti hushawishika kulitumia daftari hilo kama ushahidi, na ni ushahidi wa kweli, lakini wa jambo moja tu: kwamba kitabu kilitoka tarehe fulani na kilirudi tarehe fulani. Kama kilisomwa chote, au kurasa tano, au kilisomwa na watoto wa aliyekiazima, kadi haisemi. Nacho kitabu kisichorudi, ambacho huenda ndicho kilichopendwa kuliko vyote, kadi hukihesabu kuwa kimepotea.

Zaidi ya hayo, kabati la kijiji lilikuwa na vitabu vilivyochaguliwa na wengine. Vilivyopita mkono kwa mkono havikuwamo. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, nayo ikaendelea kutafutwa na vijana. Baadaye ikaingia katika ufundishaji wa fasihi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ilifungua njia ya riwaya za upelelezi na mapenzi zilizouzwa kwa wingi mijini katika miaka ya 1970 na 1980, na ambazo wahakiki wengi walizibeza bila kuuliza kwa nini zilichakaa haraka hivyo. Daftari binafsi lingekuwa mahali pekee ambapo kijitabu cha mbolea, gazeti la wiki iliyopita na riwaya iliyofichwa chini ya godoro vingekaa katika ukurasa mmoja.

Nchi nyingine zimepata bahati ya kuwa na madaftari ya namna hiyo. Charles Darwin aliandika, kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, orodha za vitabu alivyovisoma na alivyokusudia kuvisoma, na wanahistoria wa sayansi wamezitumia kufuata mawazo yake mwaka hata mwaka. Wasomaji wasio mashuhuri wamejulikana kwa njia ya uchungu zaidi. Menocchio, msaga nafaka wa Friuli nchini Italia katika karne ya 16, anajulikana alisoma nini kwa sababu mahakama ya kanisa ilimhoji juu ya vitabu vyake, kisha akauawa. Carlo Ginzburg alipoandika kitabu juu yake mwaka 1976, alionyesha kuwa mkulima au msagaji hasomi kama mhubiri atakavyo: huchukua neno hapa na pale, akalichanganya na yale aliyoyasikia kwa wazee wake. Hakuna sababu ya kudhani kwamba msomaji wa Irangi, aliyefikiri kwa Kirangi na kusoma kwa Kiswahili, alikuwa mtiifu zaidi.

Katika Kiswahili, mfano ulio karibu ni barua. Barua alizoandika Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Zimefika kwa wasomaji kwa kuwa aliyeandikiwa alizitunza. Shaaban Robert, ambaye katika miaka ya 1940 alifanya kazi Mpwapwa, kwenye nyanda hizi hizi za kati, alikuwa mwandishi mkubwa mwenye ndugu mwangalifu. Mkulima wa hatua ya nne hakuwa na mtunzaji.

Lau daftari la mwaka mmoja wa usomaji la mtu wa Kolo lingepatikana, lingekuwa na umbo la msimu. Nyanda za kati zina masika moja, ambayo kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili. Miezi hiyo ni ya jembe. Baada ya mavuno huja muda mrefu wa kiangazi, na usomaji, kama ngoma na harusi, ungeangukia huko. Safu za daftari nazo zingelazimika kuwa tofauti na za Darwin. Darwin alisoma peke yake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, na kiongozi akawasomea kijitabu. Kitabu kimoja kilikuwa cha watu kumi au zaidi. Daftari lisilo na safu ya wasikilizaji lingewafuta tisa kati ya hao.

Kolo ina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko vijiji vingi. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa katika eneo hilo akinakili michoro ya miambani. Aliorodhesha maeneo 186 na kunakili michoro karibu 1,600, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Michoro hiyo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwamba wa Mungomi wa Kolo, ambao kwa wenyeji ni mahali pa uganga na matambiko ya mvua, umo katika kumbukumbu za mgeni kwa namba, picha na vipimo. Usomaji wa wenyeji juu ya mwamba huo huo haukuandikiwa daftari. Alama zake ni mabaki ya pombe ya mtama iliyorushwa ukutani, ambayo wahifadhi wameyaorodhesha kama uharibifu.

Aliyekuwa na umri wa miaka 30 alipofanya mtihani wa Agosti 1975 sasa amepita miaka 80, kama yu hai. Mtafiti atakayepanda vilima vya Irangi kuwatafuta wasomaji wa kizazi hicho hatakuta daftari lenye kichwa cha habari kinachomfaa. Atakalokuta, pengine, ni lile la mapato na matumizi, ambalo kisomo kiliagiza liwekwe. Aanze na kurasa za nyuma, ambako watu huandika mambo yasiyo na safu.